Patrice Lumumba, mtafuta kazi: namna alipoteza kazi ya posta na kuanza tena

Watu wengi hapa Mulongo na katika Haut-Lomami yote wanajua namna Patrice Emery Lumumba alikufa. Tarehe 17 Januari ni sikukuu ya taifa, na tangu mwaka 2022, wakati jino lake lilirudishwa toka Ubelgiji na kupitishwa Sankuru, Kisangani na Lubumbashi, hata watoto wa shule wanauliza maulizo juu yake. Lakini wachache wanajua kama huyu mtu, mbele ya kuwa waziri mkuu, alikuwa karani aliyefukuzwa kazi na kufungwa. Alitoka boloko na miaka 32, bila mshahara, na jina limechafuka.

Sehemu hiyo ya maisha yake haisimuliwi sana. Tumeichagua leo juu ya wasomaji wetu walio katika hali ya namna ile: mwalimu aliyechoka kufundisha miaka bila jina lake kuingia katika listi ya malipo, kijana aliyefukuzwa na kampuni Kolwezi na kurudi nyumbani na begi moja, baba wa familia anayeona haya kusema kwa jirani kama hana tena kazi. Lumumba alipita njia ile. Tumfuate kazi kwa kazi.

Kutoka Onalua mpaka Kalima

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima Watetela. Alisoma kwa wamisionari, mara kwa Wametodisti, mara kwa Wakatoliki. Alikuwa mwenye akili sana, lakini pia mwenye maneno mengi, na hakudumu katika shule hata moja mpaka mwisho. Alianza masomo ya uuguzi kwa Wametodisti wa Wembo-Nyama, nayo akayaacha. Hakuwa na diploma kubwa ya kuonyesha mtu.

Karibu mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 18 hivi, alitoka kwao kwenda kutafuta maisha. Alielekea Maniema, kwenye machimbo ya Kalima. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Japani ilikuwa imeshika Malaya, kule kulikotoka bati nyingi ya dunia, na kwa hiyo Waingereza na Wamarekani walihitaji sana bati ya Congo. Kampuni ya Symétain ilikuwa inaandika watu. Kijana anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu alipata nafasi katika ofisi, na Lumumba akaipata.

Wasomaji wetu wa Maniema wanaijua Kalima vizuri. Na sisi wa huku tunajua pia maana ya kufuata madini, juu vijana wetu wanapanda mashua mpaka Bukama, kisha wanashika treni ya kwenda Likasi ao Lubumbashi, wakitumaini kupata chochote. Tofauti ni kwamba Lumumba hakubaki kwenye machimbo. Aliona kama pale karani Mwafrika hawezi kupanda mbali, akaacha kazi mwenyewe. Mwaka 1944 alifika Stanleyville, mji tunaoita leo Kisangani.

Ile ilikuwa mara ya kwanza kuacha kazi. Aliacha bila ugomvi, na mkononi alikuwa na kitu kimoja tu: mazoea ya ofisi.

Karani wa posta

Stanleyville ilikuwa mji mkuu wa jimbo, na serikali ya Wabelgiji ilikuwa na haja ya makarani. Lumumba aliingia katika ofisi za serikali, kisha katika posta. Mwaka 1947 alitumwa Léopoldville kusoma katika shule ya posta, akamaliza na alama nzuri. Alirudi akiwa karani kamili, na baada ya miaka akawekwa katika huduma ya cheki za posta, pale ambapo pesa za watu zinapita kila siku mbele ya macho ya karani.

Kazi ya posta ilimpa mshahara, lakini ilimpa pia wakati wa jioni. Wakati ule aliutumia kusoma. Alisoma vitabu vya maktaba, alifuata masomo kwa barua, aliandika makala katika magazeti kama La Voix du Congolais na La Croix du Congo. Aliingia katika vyama karibu vyote vya mji: chama cha wafanyakazi wa posta, chama cha ma-evolue, sendika ya watumishi wa serikali iliyoitwa APIC. Na mara nyingi walimchagua kuwa mkubwa ao mwandishi wa chama, juu alijua kuandika barua nzuri na hakuchoka. Mwaka 1951 alimwoa Pauline Opango.

Neno hili evolue, vijana wa leo hawalijui tena. Wabelgiji waliita hivyo Mwafrika aliyesoma, anayevaa suti, anayekula mezani, anayezungumza Kifaransa nyumbani. Kulikuwa hata na karte ya pekee, ya kuonyesha kama mtu ameendelea. Mbele ya kuipata, wakubwa waliweza kuja nyumbani kwako kutazama vyombo, kitanda na namna mke wako anaishi. Lumumba aliomba karte ile, mara ya kwanza wakamkatalia. Aliomba tena, akaipata mwaka 1954.

Hapa ndipo tatizo lilianza. Evolue alitakiwa kuishi kama mzungu, lakini hakulipwa kama mzungu. Karani Mwafrika na karani Mbelgiji waliweza kukaa katika ofisi moja, wote wawili wanajaza vitabu vya namna moja, na mshahara wa mmoja ukapita wa mwingine mara nyingi sana. Nyumba nzuri, viti, nguo za kazi, vitabu, watoto shuleni, ndugu waliotoka kijijini kuja kukaa: vyote vilitoka katika mshahara mdogo ule ule. Mtu yeyote mwenye kazi katika ukoo wetu anajua namna watu wanamhesabu kila mwisho wa mwezi.

Pesa 126 000

Mwaka 1956 ilionekana kama Lumumba amefika. Mwaka mmoja mbele, wakati mfalme Baudouin alipita Stanleyville, Lumumba alizungumza naye. Sasa serikali ilimtuma Ubelgiji pamoja na ma-evolue wengine kutembelea nchi. Aliporudi mwezi wa Julai, alikamatwa. Wakaguzi walikuwa wameona upungufu wa pesa katika huduma ya cheki za posta. Hesabu ilifika karibu 126 000 franka.

Tuseme mambo namna yalivyo. Lumumba hakukana kama alishika pesa zile. Alijitetea kwamba mshahara haukutosha kwa maisha aliyotakiwa kuishi, na kwamba alikuwa na nia ya kurudisha. Tribunali haikukubali maelezo yale. Alihukumiwa miaka miwili. Kwenye rufaa azabu ilipunguzwa, kisha ikapunguzwa tena, na mwezi wa Septemba 1957 akatoka, baada ya miezi karibu 14.

Watu wengine wanaompenda Lumumba wanataka kuficha hadithi hii. Wengine wasiompenda wanaitaja peke yake, kama vile maisha yake yote ni boloko ile. Wote wawili wanakosa kitu. Kosa lilikuwa kosa, na alililipa kwa miezi 14, kwa kazi yake na kwa heshima yake. Serikali haikumrudisha katika posta. Miaka zaidi ya kumi ya kazi ilikwisha katika asubuhi moja.

Ndani ya boloko hakukaa bure. Aliandika kitabu kizima juu ya Congo na maisha ya watu wake chini ya utawala. Alikituma kwa wachapaji Ubelgiji, lakini hakikutoka wakati ule. Kilitoka mwaka 1961 tu, yeye akiwa ameisha kufa. Ukikisoma utashangaa, juu mwandishi wake bado anaongea polepole na anaamini kama Wabelgiji na Wacongomani wanaweza kusikilizana. Lumumba mwenye hasira tunayemjua alikuwa bado hajatokea.

Polar: kazi ambayo hakuna aliyeifikiri

Fikiri sasa hali yake. Ni Septemba 1957. Ana miaka 32, mke na watoto. Serikali, ambayo ndiyo ilikuwa inaandika makarani wengi kupita wote, haiwezi kumwandika tena. Stanleyville kila mtu anajua habari yake. Diploma kubwa hana. Anapoandika barua ya kuomba kazi, ataandika nini pale wanapouliza alikuwa wapi mwaka uliopita?

Aliamua kuhama. Alishuka Léopoldville, mji mkuu, ambako Watetela wenzake na marafiki wa vyama walikuwa wameisha kupata nafasi. Wakati ulikuwa mbaya: bei ya mali ya Congo katika soko la dunia ilikuwa inashuka, na shomeri ilianza kujaa katika mitaa ya Léopoldville. Na tena kazi ikapatikana, lakini pahali ambapo karani wa serikali hangefikiri: kwenye kampuni ya pombe.

Kampuni ile ilikuwa Bracongo, na bia yake iliitwa Polar. Mbele yake kulikuwa Primus ya Bralima, ambayo ilikuwa imeisha kushika mji. Bracongo ilihitaji mtu wa kuuza jina la Polar katika mitaa ya Waafrika, mtu anayejua hesabu na pia anayejua kuzungumza na watu. Lumumba alianza katika ofisi ya hesabu, kisha mwaka 1958 akawekwa mkubwa wa mambo ya uuzaji. Mshahara wake ulipita sana ule wa posta.

Angeweza kusema kazi ile haifai mtu aliyeongea na mfalme. Kuna watu kati yetu wanaokaa nyumbani miaka miwili, wakingoja kazi ya ofisi peke yake, juu wanaona haya watu wasiwaone wakiuza samaki ya Lualaba sokoni. Lumumba alikwenda nganda kwa nganda. Alikaa na wenye bar, na madereva, na wafanyakazi wa bandari, na wasioelewa Kifaransa. Kitetela, Kifaransa, Kiswahili na Lingala vilikuwa vyombo vyake vya kazi. Alijifunza kusimama mbele ya watu waliokuja kunywa, si kusikiliza, na kuwafanya wasikilize.

Posta ilimfundisha hesabu, barua na namna ya kupanga chama. Bia ilimfundisha watu. Ndani ya mwaka mmoja jina lake lilijulikana katika mitaa ya Léopoldville, mji ambao siku ya kufika hakujulikana. Mwezi wa Oktoba 1958, wakati chama cha MNC kilipoanzishwa, yeye ndiye aliyewekwa mkubwa. Mwezi wa Desemba alikwenda Accra, Ghana, katika mkutano wa watu wa Afrika yote, akakutana na Kwame Nkrumah na wengine. Aliporudi, aliita watu kuja kusikia habari ya safari, wakaja wengi sana.

Mwaka 1959 aliacha kazi ya Bracongo ili ajitoe mzima kwa siasa. Hakuna aliyemfukuza. Aliacha mshahara mzuri kupita yote aliyopata, kwa kazi isiyokuwa na mshahara wa hakika. Kwa mtu aliyejua namna njaa inaingia ndani ya nyumba, hilo halikuwa jambo dogo.

Makarani wa mwaka 1960

Hakuwa peke yake. Ukitazama wakubwa wa uhuru, karibu wote walikuwa wameacha kazi fulani mbele ya kushika nchi. Joseph Kasavubu alitoka seminari bila kuwa padri, akawa mwalimu, kisha karani wa serikali. Joseph Mobutu alitoka jeshi la Force Publique, akaenda kuandika gazeti. Jason Sendwe, mtoto wa Kabongo, kiongozi wa BALUBAKAT anayekumbukwa sana hapa kwetu, alikuwa msaidizi wa waganga. Moïse Tshombe alirithi biashara ya baba yake, ikaanguka mikononi mwake.

Wabelgiji hawakuacha Mcongomani apande mpaka juu katika kazi yoyote. Karani alibaki karani, mwuguzi alibaki msaidizi, askari alibaki sajini. Njo maana watu wenye akili walifika haraka kwenye ukuta, na walipofika ukutani walitafuta mlango mwingine. Siasa ilikuwa mlango ule.

Kazi ya mwisho

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 1959, baada ya mkutano wa chama na machafuko Stanleyville, Lumumba alikamatwa tena, na mwezi wa Januari 1960 akahukumiwa miezi sita. Walimleta huku Katanga, katika gereza la Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Alikaa siku chache tu, juu wajumbe waliokuwa Bruxelles kuzungumza uhuru walikataa kuendelea bila yeye. Alitoka gerezani, akapanda ndege, akaketi mezani na mawaziri wa Ubelgiji. Mwezi wa Mei chama chake kilipata viti vingi kupita vyama vingine, na tarehe 30 Juni 1960, karani wa zamani wa posta alikuwa waziri mkuu wa nchi huru.

Kazi ile alikaa nayo miezi miwili na siku chache. Jeshi liliasi siku ya tano. Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na Baluba wa kaskazini, ambao BALUBAKAT yao ilikuwa upande wa Lumumba, walikataa. Wazee wa Mulongo, Malemba-Nkulu na Manono wanakumbuka, ao walisimuliwa na wazazi wao, namna vijiji viliungua miaka ile.

Na namna alivyofukuzwa katika kazi hii inatugusa sisi watu wa redio. Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960, Kasavubu aliingia katika redio ya Léopoldville na kutangaza kama amemwondoa waziri mkuu. Lumumba alisikia habari pamoja na nchi yote. Usiku ule ule alikwenda mwenyewe katika redio, akaongea mara tatu, akisema kwamba yeye ndiye anamwondoa Kasavubu. Kesho yake askari wa Umoja wa Mataifa walifunga redio. Mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuongea na watu alinyang'anywa kinywa. Tarehe 14 Mobutu alishika mamlaka.

Baada ya wiki nyingi za kuzungukwa na askari nyumbani kwake, alitoka kwa siri usiku wa tarehe 27 Novemba. Alitaka kufika Stanleyville, mji uliompa kazi ya kwanza ya serikali, ambako marafiki wake walikuwa wamejipanga upya. Hakufika. Njiani watu walimtambua na kumwomba azungumze nao, naye alisimama kuzungumza, na saa zikapita. Tarehe 1 Desemba alikamatwa karibu na mto Sankuru, akiwa safarini na Pauline na mtoto wao mdogo Roland. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa kwa ndege Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule wote watatu waliuawa. Alikuwa na miaka 35.

Anachotuachia mtafuta kazi

Tukihesabu vizuri, Lumumba alikuwa na kazi kubwa nne. Moja aliiacha juu aliona haina mbele. Ya pili aliipoteza kwa kosa lake. Ya tatu aliiacha ikiwa bado tamu, kwa kitu alichoona kikubwa zaidi. Ya nne alinyang'anywa pamoja na maisha. Kuacha kazi si jambo la namna moja, na anayeacha anapashwa kujua yake ni namna gani: je, natoka juu nimeona mbele, ao natoka juu nimefukuzwa na ninaona haya kusema?

Kati ya posta na bia kuna mambo matatu ambayo mtu wa Mulongo anaweza kushika bila kuwa Lumumba. La kwanza, alifunga siku zake za boloko kwa kazi: alisoma na kuandika, ili akitoka asitoke mtupu. La pili, alihama pale ambapo jina lake lilikuwa limefungwa, na akaenda kwa watu aliowafahamu kupitia vyama. Miaka yote ile ya kuandika barua za chama bila kulipwa, ndiyo ilimlipa siku ya shida. La tatu, hakudharau kazi iliyopatikana. Aliishika kazi ya pombe, na ile kazi ya pombe ikamfungulia mji.

Na kuna onyo pia, hasa kwa wale wanaoshika sanduku la watu, iwe la kanisa, la shule, la likelemba ao la serikali. Mshahara mdogo ni udhalimu wa kweli, na Lumumba alikuwa na haki ya kuulalamikia. Lakini pesa ya sanduku haikumtoa katika udhalimu ule. Ilimpokonya kazi, na kwa miezi 14 ilimwacha Pauline peke yake na watoto. Sendika aliyokuwa anaongoza, magazeti aliyoandikia, watu aliowaunganisha, ndivyo vilikuwa njia yake ya kudai haki, na ndivyo vilimsimamisha tena.

Leo jina lake liko kwenye barabara na shule katika nchi. Ofisi za posta, kwa upande wao, zimefungwa pahali pengi, na vijana wengi hawajawahi kuandika barua na kubandika tembo. Lakini kila asubuhi pembeni ya Lualaba, mtu fulani anaamka bila kazi, anavaa shati safi, na anatoka kwenda kuuliza. Karani wa Onalua alifanya vile Septemba 1957, na jibu alilopata lilikuwa bia.